Kwa nini kampuni kongwe za magari zinasogeza tarehe zao za umeme

Swali la msomaji: "Mtaalamu, mwaka 2021 karibu kila kampuni kubwa ya magari ilitangaza lini itaachana na petroli. Leo Volvo imelegeza, Mercedes imelegeza, Ford inafuta miradi ya mabilioni ya dola. Je, gari la umeme limeshindikana, au wakubwa hawa ndio walioshindwa? Na kampuni kongwe ikikuita leo uiandikie mkakati, ungeanzia wapi?"

Ndugu yangu, nianze na sehemu nyepesi. Gari la umeme halijashindikana. Mwaka 2024 yaliuzwa takriban milioni 17 duniani, ukihesabu pamoja na haibridi za kuchomeka (zenye injini pamoja na betri inayochajiwa kwa waya), yaani zaidi ya gari moja katika kila matano mapya. China peke yake karibu nusu ya magari mapya ya mwaka huo yalikuwa ya aina hiyo. Norway, karibu tisa katika kila kumi yalikuwa ya umeme mtupu. Wateja wapo. Ila wengi wao wako kwenye soko na kwenye bei ambazo kampuni kongwe hazikuwa zimejiandaa nazo.

Zile tarehe ni habari nyingine kabisa. Volvo ilisema Machi 2021 kwamba ifikapo 2030 itauza magari ya umeme mtupu. Septemba 2024 ikasema asilimia 90 hadi 100, na ndani ya hesabu hiyo ikaziingiza haibridi za kuchomeka. General Motors (GM) ya Marekani ilitaja 2035 kama shabaha. Mercedes-Benz ilijiachia mlango wa nyuma tangu siku ya kwanza, kwa kusema itakuwa tayari kuhamia umeme "pale hali ya soko itakaporuhusu", na mwanzoni mwa 2024 ikautumia mlango huo. Kumbuka mwaka 2021 ulivyokuwa: riba ziko chini, hisa za Tesla zimepaa, na kila mkurugenzi mkuu anahitaji kitu cha kuwaambia wenye hisa. Tarehe ni kitu chepesi kutangaza. Haigharimu chochote mpaka ikaribie.

Kwa hiyo nikitaka kuujua mkakati wa kampuni ya magari, tarehe huwa naziruka. Natazama fedha zinazotokana na injini zinakwenda wapi, na zimebakiza miaka mingapi. Gari la petroli ndilo linalolipa mishahara, gawio na hata utafiti wa gari la umeme, na kila gari la umeme linalomvutia mteja wa zamani linampunguzia nguvu mlipaji huyo. Tesla haikuwa na kitu cha zamani cha kulinda. BYD ya China ilianza 1995 kama kiwanda cha betri, ikaingia kwenye magari 2003, na ilipoacha kutengeneza magari ya petroli tupu Machi 2022 ilikuwa haiachi kitu kikubwa. Volkswagen, Ford, GM na Toyota zinatakiwa kujipunguza zenyewe huku zikiendelea kula kutokana na kile zinachokipunguza. Mengine yote nitakayosema yanatokana na hapo.

Ford ndiyo iliyotufungulia daftari, na ninaiheshimu kwa hilo. Machi 2022 ilitangaza kujigawa mafungu matatu yenye hesabu zake: Ford Blue ya petroli na haibridi, Ford Pro ya magari ya kazi, na Model e ya umeme. Mwaka 2024, kabla ya riba na kodi, Pro ilipata faida ya dola bilioni 9, Blue bilioni 5.3, na Model e hasara ya bilioni 5.1. Mwaka uliotangulia hasara ya Model e ilikuwa bilioni 4.7. Yaani zaidi ya theluthi ya kilicholetwa na hao wawili kilimezwa na wa tatu. Desemba 2025 kampuni ikatangaza gharama za dola bilioni 19.5, sehemu kubwa ikihusu miradi ya umeme, na pikapu yake ya F-150 Lightning ikafikia mwisho katika umbo la umeme mtupu.

Wengi waliisoma habari hiyo wakasema umeme hauna biashara. Mimi naona Ford ilichagua gari lisilofaa kuanzia, na hesabu yake haihitaji digrii. Mwaka 2024 bei ya wastani ya betri ya lithiamu, ikiwa imeshapangwa kama paketi kamili, ilikuwa takriban dola 115 kwa kila kilowati-saa ya nishati inayobeba. Lightning yenye betri kubwa ilibeba kilowati-saa 131. Zidisha: zaidi ya dola 15,000 kabla hujanunua hata tairi moja. Na pikapu ni gari la kuvutia tela. Ukiifunga tela, masafa yanakatika vibaya, mteja analalamika, mhandisi anajibu kwa kuongeza betri. GM ilifika mbali zaidi: Hummer ya umeme ina betri ya zaidi ya kilowati-saa 200 na uzito unaozidi tani 4. Sasa chukua Twingo mpya ya Renault, iliyooneshwa Novemba 2025, yenye kilowati-saa 27.5. Kwa bei ileile betri yake ni kama dola 3,200, na kwa kuwa inatumia kemikali ya bei nafuu zaidi, kiasi halisi kinapaswa kuwa chini ya hapo.

Kwa nini basi walianza na makubwa? Kwa sababu kwenye petroli kubwa ndilo lenye faida. Bati na vioo vya ziada havigharimu sana, lakini mteja wa pikapu au SUV kubwa analipa dola maelfu zaidi kuliko mteja wa gari dogo. Kanuni hiyo imewalisha watu wa Detroit, kitovu cha magari cha Marekani, kwa miongo. Kwenye umeme inageuka kichwa chini, maana kila unapoongeza ukubwa unaongeza betri, na betri ndiyo gharama kuu ya gari. Waliichukua hekima ya biashara ya zamani wakaipeleka mahali ambapo inakula fedha badala ya kuzileta. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote ya kizazi cha kwanza, na halikuhusu teknolojia hata kidogo.

Nikupeleke kwenye kitu kimoja cha kushikika: wayaringi, yaani mtandao wa nyaya ndani ya gari. Wahandisi wa Ford walipoilinganisha Mustang Mach-E yao na Tesla waliyoifungua, walikuta wayaringi ya Mach-E ni ndefu kwa kilomita 1.6 kuliko inavyopaswa, na nzito kwa takriban kilo 32. Mkurugenzi mkuu Jim Farley amelisema hilo hadharani, akaongeza kwamba uzito huo una thamani ya dola 300 za betri katika kila gari.

Usidhani wahandisi wale walikuwa wazembe. Waya zile zilitokana na namna kampuni kongwe inavyonunua vitu. Kiti cha umeme kina kompyuta yake ndogo iliyotoka kwa mgavi mmoja. Madirisha yana yake, kutoka kwa mwingine. Breki, taa, vioo vya pembeni, buti, kila kimoja na boksi lake. Kila idara ilishindanisha wagavi, ikachukua wa bei ya chini, ikaokoa dola kadhaa, mkuu wa idara akapongezwa. Farley anazikadiria kompyuta hizo kuwa kama 150 ndani ya gari moja, programu zake zikiwa zimeandikwa na kampuni mbalimbali zisizojuana. Kila boksi linataka waya wa umeme, waya wa mawasiliano, soketi na mahali pa kufungwa, halafu fundi wa kiwandani anatakiwa kuupitisha mzigo huo wote kwenye bodi kwa mkono, kwa sababu roboti hadi leo zinasumbuka kushika kitu kinacholegea.

Kwenye gari la petroli uzito huo hauumi. Kilo 32 zinakunywa mafuta kidogo, na mafuta anayalipia mteja. Kwenye gari la umeme kilo hizohizo zinakula masafa, masafa yanadai betri, na betri anainunua mwenye kiwanda. Ndiyo maana kampuni iliyotengeneza magari mazuri kwa miaka 100 inaweza kutoa gari la umeme zuri kuendesha, lenye kuvutia, na bado ikapoteza fedha kwa kila moja linalotoka getini.

Upande wa programu ni mbaya zaidi. Ukitaka kubadilisha jambo dogo, tuseme namna taa zinavyowaka gari likiwa linachaji, unagundua kwamba programu ya boksi la taa ni mali ya mgavi. Unaandika barua, unasubiri, unalipa. Zidisha mara 150.

Volkswagen iliuona ugonjwa huu mapema, wapewe haki yao. Kashfa ya kudanganya vipimo vya moshi wa dizeli, ya Septemba 2015, iliwagharimu zaidi ya euro bilioni 30, na ikawapa sababu ya kukimbilia umeme ambayo wenzao hawakuwa nayo. Herbert Diess, aliyeshika uongozi 2018, alisukuma jukwaa jipya (yaani msingi wa pamoja unaojengewa magari mbalimbali) la magari ya umeme pekee, MEB. Mwaka 2020 wakakusanya shughuli za programu za chapa zote, kuanzia Volkswagen hadi Audi na Porsche, wakaziweka chini ya kampuni moja ya ndani iliyokuja kuitwa Cariad. Kwenye karatasi, ndicho hasa ambacho mtu yeyote angewashauri. Matokeo: maelfu ya ID.3 yalitoka kiwandani yakaegeshwa yakisubiri programu ikamilike. Porsche Macan ya umeme ilicheleweshwa hadi ikazinduliwa Januari 2024. Diess akaondoka 2022. Juni 2024 Volkswagen ikatangaza kuwekeza hadi dola bilioni 5 kwa Rivian, kampuni changa ya Marekani, na Novemba kiasi kikafika bilioni 5.8.

Bilioni 5.8 zinanunua nini kwa kampuni ndogo kiasi hicho? Kwa sehemu kubwa, mpangilio wa kompyuta na waya. Rivian ilipotoa toleo la pili la R1 mwaka 2024, ilishusha kompyuta za gari kutoka 17 hadi 7, ikaondoa karibu kilomita 2.6 za waya. Fikiria kampuni yenye mamia ya maelfu ya wafanyakazi ikienda kununua ujuzi wa kupunguza nyaya.

Kwa maoni yangu Cariad haikushindwa kwa kukosa vipaji. Ilipewa chapa zote na vizazi vyote vya magari kwa mkupuo mmoja, kila chapa ikiwa na bwana wake anayetaka gari lake litoke kwanza. Kampuni kongwe ina kawaida ya kuamini kwamba jambo kubwa linatatuliwa kwa idara kubwa. Ford ilikuja kufanya kinyume: iliweka kikosi kidogo California, mbali na makao makuu, na kukipa kazi moja ya kubuni jukwaa la gari la bei nafuu kuanzia karatasi tupu. Agosti 2025 walitangaza kilichopatikana. Pikapu ya ukubwa wa kati, itengenezwe Louisville kuanzia 2027, bei ya kuanzia karibu dola 30,000, sehemu pungufu kwa asilimia 20, na wayaringi fupi kwa zaidi ya kilomita 1.3 kuliko ile ya SUV yao ya kwanza ya umeme.

Betri ya pikapu hiyo ni ya lithiamu, chuma na fosfeti, inayojulikana kwa kifupi LFP. Hapa inabidi nikae kidogo, kwa sababu watu wengi wakisikia betri wanafikiri ni kitu kimoja. Betri zenye nikeli na kobalti zinabeba nishati nyingi kwa uzito mdogo, ila ni ghali na zikiharibika zinawaka kwa ukali. LFP inabeba pungufu kwa kila kilo, lakini ni nafuu, inavumilia kuchajiwa mara nyingi zaidi, na ni ngumu zaidi kuwaka. Wazungu na Wamarekani kwa muda mrefu waliidharau kama betri ya magari duni. Wachina wakaikalia. BYD ilitoa betri yake ya Blade mwaka 2020, seli ndefu nyembamba zinazopangwa moja kwa moja ndani ya paketi bila maboksi ya katikati, na kwa njia hiyo upungufu mwingi wa LFP ukafidiwa na nafasi iliyookolewa. Leo Ford imejenga kiwanda cha LFP Michigan kwa leseni ya teknolojia ya CATL, kampuni ya China iliyoanzishwa 2011. Zamani ilikuwa kampuni ya China inalipia ujuzi wa Detroit.

Je, kampuni ya magari imiliki kiwanda cha betri? Ukiniuliza kwa ufupi: ijue kemia yake kwa undani, lakini isijidanganye kwamba kutengeneza seli ni kazi ya kujifunzia ukubwani. Northvolt ya Sweden ilikuwa tumaini la Ulaya, Volkswagen ikiwa miongoni mwa wanahisa wakubwa, na Machi 2025 ikafilisika. Upande wa pili, kutojua pia kunaua. Mwaka 2021 GM ililazimika kuyaita tena magari yote ya Chevrolet Bolt, kama 142,000, kwa sababu baadhi ya seli za LG zilikuwa na kasoro mbili ndogo: kijiulimi cha kuunganishia umeme upande wa hasi kimechanika, na utando unaotenganisha pande mbili umekunjwa. Zikikutana kasoro hizo mbili kwenye seli moja, gari linaweza kuwaka likiwa limeegeshwa. Gharama ilikuwa kama dola bilioni 2, LG ikakubali kubeba hadi 1.9. Utando uliokunjwa, basi. Nissan nayo ilikuwa na kiwanda chake cha betri miaka ambayo wengine hawakuwa na habari, ikiuza Leaf tangu Desemba 2010, na 2019 ikakikabidhi kwa Envision ya China. Kutangulia hakukuisaidia kwa sababu haikuendelea: iliacha betri ya Leaf bila mfumo wa kupoozwa kwa maji miaka ambayo wengi wa wenzake walikuwa wameshahamia huko.

Kuhusu lile suala la kutumia jukwaa maalumu la umeme au bodi moja inayopokea petroli na umeme, sitakaa sana. Hyundai na Kia walijenga jukwaa maalumu, E-GMP, lenye volti 800, na Ioniq 5 ikiwa kwenye chaja yenye nguvu ya kutosha inatoka asilimia 10 hadi 80 kwa dakika 18. BMW ilichanganya kwenye bodi moja na ikaendelea vizuri, kisha sasa ndiyo inahamia jukwaa lake maalumu la Neue Klasse. Kuchanganya kunawezekana kama unauza magari ya bei kubwa, maana gharama ya ziada inajificha ndani ya bei. Kwa gari la mtu wa kawaida haijifichi.

Sasa Toyota, najua unaisubiri. Wapenzi wa umeme wamekuwa wakiitupia methali ya mshika mawili moja humponyoka. Toyota yenyewe inashika zaidi ya mawili: haibridi, za kuchomeka, umeme mtupu, hata haidrojeni. Hoja yake waliiweka kwa tarakimu: madini ya kutengeneza betri ya gari moja la umeme lenye masafa marefu yanatosha haibridi za kuchomeka 6, au haibridi za kawaida 90. Na kibiashara wamepatia. Haibridi, kazi waliyoianza na Prius mwaka 1997, inawaletea fedha sasa hivi, wakati wenzao wanafuta miradi. Tena ukiitazama BYD, inayosifiwa kama bingwa wa umeme, kati ya magari yake yanayokaribia milioni 4.3 ya mwaka 2024 yaliyo mengi yalikuwa haibridi za kuchomeka. Umeme mtupu ulikuwa takriban milioni 1.76.

Lakini kuna kitu ambacho faida ya haibridi hainunui, nacho ni mazoezi. Gari la kwanza la umeme la Toyota kwa soko la dunia, bZ4X, liliitwa tena Juni 2022 kwa sababu bolti za magurudumu zilikuwa zinaweza kulegea. Toyota, kampuni ambayo dunia nzima inaisomea ubora! China ilibidi washirikiane na BYD kwa bZ3, na bZ3X ya 2025, inayoanzia yuani 109,800, imetoka kwa ubia wao na GAC. Mimi naliona hilo kama busara ya kukubali kufundishwa. Ila mwanafunzi anayeanza akiwa na hazina kubwa yuko katika hali nzuri kuliko anayeanza akiwa na madeni, na hapo ndipo mkakati wa Toyota unapokuwa na mantiki ambayo wakosoaji wake wa 2021 hawakuiona.

Kuna upande wa watu. Mota ya umeme ina sehemu chache mno zinazosogea ukilinganisha na injini yenye pistoni, vali, ekzosi na gia boksi. Kiwanda cha injini hakigeuki kiwanda cha mota chenye watu walewale. Volkswagen ilikigeuza kiwanda kizima cha Zwickau kuwa cha umeme pekee, gari la mwisho la petroli likitoka 2020. Ilikuwa picha nzuri sana ya gazetini. Mahitaji yalipopungua 2023 kiwanda hakikuwa na gari la petroli la kukishikilia, mikataba ya baadhi ya wafanyakazi wa muda haikuongezwa, na chini ya makubaliano ya Desemba 2024 na chama cha wafanyakazi magari mengi yanayotengenezwa pale yanahamishiwa viwanda vingine. Makubaliano hayohayo yanapunguza zaidi ya ajira 35,000 Ujerumani ifikapo 2030. BMW ilikuwa ikipitisha petroli na umeme kwenye mstari mmoja wa uzalishaji, ikiongeza hiki na kupunguza kile kadiri oda zilivyokuja. Mstari wa namna hiyo una gharama yake kila siku, lakini hauwaachi watu wamekaa bila kazi soko likiyumba.

Mawakala wa mauzo nao wana lao. Wanaishi kwa oili, machujio na matengenezo, na gari la umeme halihitaji mengi ya hayo, kwa hiyo usishangae muuzaji akikuelekeza kwa upole kwenye haibridi. Serikali zinaongeza vurugu zao: Marekani iliondoa punguzo la kodi la dola 7,500 mwisho wa Septemba 2025, na Desemba mwaka huo Tume ya Ulaya ikapendekeza kulegeza sharti la 2035 kwa magari mapya kutoka asilimia 100 ya kupunguza hewa ya kaboni hadi 90. Mkakati unaosimama kwa ruzuku pekee utaanguka siku bunge likibadilika. Ushuru dhidi ya magari ya China, asilimia 100 Marekani na nyongeza tofautitofauti Ulaya, unanunua muda. Kitu kinachofanywa ndani ya muda huo ndicho cha kuuliza.

Kwa hiyo ningeanzia wapi? Ningeanza kwa kupunguza injini, kwa maana ya idadi ya aina zake. Renault na Geely ya China waliunganisha shughuli zao za injini 2024 wakaunda Horse Powertrain, kisha Aramco, kampuni ya mafuta ya Saudia, ikanunua asilimia 10. Sijaona hatua ya akili kuliko hiyo upande wa zamani. Injini zinaendelea kutengenezwa na kuuzwa hata kwa washindani, lakini gharama za kuziendeleza hazimkalii mtu mmoja. Fedha zinazookolewa hapo zisiende kwenye gawio.

Haibridi ningeziacha zifanye kazi, hasa za kuchomeka, kwa kizazi kimoja cha magari, kama miaka saba au minane, na bajeti yake ningeifunga mapema ili isije ikazaa kizazi cha pili kwa mazoea. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Fedha za haibridi zikiingia vizuri, hamu ya kuhangaika na gari la umeme la bei nafuu inapoa, na baada ya miaka mitano unaamka ukiwa na faida ya jana na gari la juzi.

Gari la kwanza la umeme lingekuwa dogo au la kati, betri ya LFP isiyozidi kilowati-saa 60, leseni kutoka kwa yeyote anayeijua kazi hiyo, hata kama ni mshindani wa China kama BYD. Kikosi cha kulibuni kingekaa mbali na makao makuu na kingeruhusiwa kuwakatalia wakuu wa idara. Muda ningewapa usiozidi miaka miwili na nusu. Renault ililibuni Twingo kwa chini ya miaka miwili kwa kupeleka kazi kubwa ya uhandisi kwenye kituo chake cha China, kisha ikaweka uzalishaji Slovenia, na bei iko chini ya euro 20,000. Miaka minne, ambayo ilikuwa kawaida ya watu wa Ulaya, inamaanisha unafika sokoni na betri ya bei ya zamani.

Na mahali ambapo siwezi, ningenunua kwa mwenzangu bila kuona haya. Ford inauza Ulaya SUV ya umeme ya Explorer inayotengenezwa Cologne, Ujerumani, juu ya jukwaa la Volkswagen, na Desemba 2025 ilikubaliana na Renault kutumia jukwaa lao kwa magari mawili madogo, la kwanza likitarajiwa mwanzoni mwa 2028. Fahari ya mhandisi inaumia kidogo, lakini hesabu zinapumua.

Ukitaka kujua nani kati ya hawa yuko makini, tazama Louisville mwaka 2027. Pikapu ile ikifika kwa dola 30,000 na ikaiachia Ford hata faida ndogo, zile hasara za Model e zitasomwa kama ada ya shule, ghali mno, ila imelipwa. Ikifika kwa dola 38,000, basi Ford itabaki mpangaji kwenye majukwaa ya Volkswagen na Renault kwa muda mrefu kuliko inavyopenda kukiri.